Kutoka Vienna Hadi Olenguruone: Safari ya Uchanganuzi wa Nafsi

Mwishoni mwa mwaka 1925, treni iliyotoka Nairobi iliingia Nakuru ikiwa na daktari Mswisi wa miaka 50, Carl Gustav Jung. Reli iligawanyika hapo. Ile kongwe, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ilipandia Njoro, Molo na Mau Summit. Ile mpya ilipitia Rongai na Timboroa kwenda mji ambao Wazungu waliuita Sixty-Four na wenyeji wakautamka Sisibo. Ndio Eldoret ya leo. Jung na wenzake walishika njia mpya, wakaiacha Molo mkono wa kushoto, wakaelekea Mlima Elgon kuwauliza watu habari za ndoto zao.

Sisi tuliokulia Molo, kwenye baridi, viazi na pareto, tumezoea kuiona elimu ya nafsi kuwa mali ya miji ya mbali. Lakini historia yake imepita karibu na mlango wetu zaidi ya mara moja, na siku moja iliingia hadi ndani, ikaandika habari zetu bila kutuuliza. Ndiyo maana naona inafaa tuijue.

Ilianza Vienna, Austria. Bertha Pappenheim, msichana ambaye vitabuni anaitwa Anna O., alitibiwa na Josef Breuer tangu mwaka 1880. Alikuwa akipooza viungo na kupotewa na lugha, ilhali mwili haukuonekana kuwa na kasoro. Breuer aligundua kwamba msichana huyo alipoeleza alikoanzia uchungu wake, dalili zilipungua. Ni yeye mgonjwa, si daktari, aliyeipa njia hiyo jina: tiba ya kuzungumza. Mwaka 1895 Breuer na rafiki yake kijana, Sigmund Freud, wakatoa kitabu juu ya wagonjwa wa aina hiyo, na Freud akaendelea peke yake hadi akajenga nadharia nzima, uchanganuzi wa nafsi.

Kiini cha Freud ni kwamba jambo lililosukumwa nje ya kumbukumbu halijaondoka. Limejificha katika ung'amuzibwete, yaani yale yaliyo ndani ya mtu naye mwenyewe hayajui, na hujitokeza kwa njia nyingine: katika ndoto, katika ulimi unaoteleza, katika ugonjwa usio na jeraha. Mwaka 1923 aliigawa nafsi katika sehemu tatu. Kuna tamaa inayotaka kila kitu sasa hivi. Kuna sauti kali ya wazazi na jamii inayokataza. Na katikati kuna nafsi inayojitambua, inayohangaika kuwapatanisha hao wawili na ulimwengu ulivyo. Bibi yangu hakusoma Freud, ila mtu aliyenyamaza kupita kiasi alimwita mwenye fundo moyoni, na alijua kwamba fundo hufunguliwa, halikatwi.

Jung alikuwa mwanafunzi mpendwa wa Freud, hata akaonekana kuwa mrithi wake. Wakaachana mwaka 1913. Alfred Adler alikuwa ametangulia kuondoka mwaka 1911, akishikilia kwamba kinachomsukuma mtu zaidi ni kujiona mdogo mbele ya wengine na kutaka kulipita hilo. Jung yeye alisema chini ya ung'amuzibwete wa mtu mmoja upo mwingine wa wanadamu wote, uliojaa vikale: sura za mama, za mzee mwenye hekima, za shujaa, zinazorudi katika ngano na dini za kila taifa. Alikuja Afrika Mashariki akitafuta ushahidi wa hilo.

Alizungumza na watu wa Elgon kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, kamusi ndogo mkononi. Katika kumbukumbu zake anasimulia jinsi alivyomuuliza mzee mmoja, laibon, yaani mganga na mtabiri, kuhusu ndoto. Mzee akamjibu kwa huzuni kwamba zamani walaibon waliota, wakajua kama kutakuja vita au maradhi, lakini tangu Waingereza wafike ndoto zimekoma, kwa kuwa sasa Bwana DC, mkuu wa wilaya, ndiye ajuaye kila kitu. Jung aliguswa na jibu hilo. Mimi naliona kuwa maneno mazito kuliko yote aliyokwenda nayo kwao Uswisi, kwani lilikuwa shtaka la kisiasa lililotolewa kwa lugha ya ndoto. Yeye alilisikia zaidi kama habari ya dini inayokufa.

Freud alikimbia Wanazi mwaka 1938, akafia London mwaka uliofuata. Hapo London ndipo ugomvi mwingine ulipozuka, wakati mabomu yakidondoka. Binti yake, Anna Freud, aliamini kwamba mtoto mdogo lazima kwanza ajengewe imani na daktari, na kwamba kazi kubwa ni kuziimarisha ngao za nafsi yake. Melanie Klein, aliyehamia huko mwaka 1926, alidai kwamba hata mtoto wa maziwa ana mapenzi na chuki, anamgawa mama kuwa mwema na mbaya, na michezo yake yaweza kusomwa kama ndoto ya mtu mzima. Walibishana kwa miaka kadhaa katika chama chao hadi kikagawanyika mafungu matatu. Fungu la katikati ndilo alilokuwamo Donald Winnicott, daktari wa watoto aliyewatuliza akina mama kwa kusema kwamba mtoto hahitaji mama asiye na kasoro. Anahitaji mama anayetosha. Kauli hiyo ingebandikwa katika kila kliniki ya uzazi.

John Bowlby alitoka katika mazingira hayo hayo. Alipinga wazo kwamba mtoto anampenda mama kwa sababu tu ya maziwa. Kwa Bowlby, kushikamana na mlezi ni hitaji lenye mizizi yake lenyewe, kama njaa. Wenzake wengi walimwona ameisaliti taaluma. Ushahidi wa kwanza wa nguvu, uliotokana na kuwatazama watoto majumbani mwao, ulipatikana Uganda.

Mary Ainsworth, aliyefanya kazi na Bowlby London, alimfuata mumewe Kampala mwaka 1954, mume akiwa amepata kazi Makerere. Akaanza kutembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na mji, zenye watoto 28. Kila baada ya wiki mbili alikaa saa kama mbili sebuleni, mkalimani kando yake, akitazama. Alikuja akitaka kujua mtoto anavyoumia anapoachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi, kama desturi ilivyosemekana. Akakuta familia nyingi haziifuati tena desturi hiyo. Basi akaliacha swali lake, akatazama kilichokuwapo: mtoto anayetambaa mbali na mama, anageuka kuangalia kama bado yupo, kisha anaendelea kuchunguza dunia, mgeni akiingia, anarudi mbio kumshika. Aligundua pia kwamba akina mama walioweza kueleza kwa undani habari ndogondogo za watoto wao ndio waliokuwa na watoto watulivu zaidi. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na majaribio aliyoyafanya baadaye Baltimore, Marekani, ambayo kila mwanafunzi wa saikolojia huyakariri, yalichipuka sebuleni mwa Waganda.

Robert LeVine, mwanaanthropolojia aliyesomea pia uchanganuzi wa nafsi, alikaa na Wagusii wa Kisii, hapa Kenya, katika miaka ya 1950, akarudi katika miaka ya 1970. Alikuta mama Mgusii anayembeba mtoto, anayemnyonyesha mara moja akilia, lakini asiyemkodolea macho wala kuongea naye kwa muda mrefu kama mama wa Boston; kazi nyingine ya kulea imo mikononi mwa dada mkubwa wa mtoto. Je, mtoto huyo ana upungufu? LeVine alijibu kwamba hana. Malezi yana malengo tofauti, na kipimo kilichotengenezwa mahali pamoja kisifanywe sheria ya dunia. Majirani zetu wa Kisii, ambao wengine ni wakulima wenzetu hapa Molo, walisaidia kuisahihisha nadharia kubwa.

Sasa niseme la uchungu. Katika miaka ya kwanza ya 1940, serikali ya kikoloni iliwahamishia Olenguruone, kusini mwa Molo, maelfu ya Wakikuyu walioondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Watu hao walihesabu kwamba shamba ni lao kama fidia ya ardhi iliyochukuliwa. Serikali ikawaambia ni wapangaji, ikawawekea masharti ya kilimo na ya mifugo. Wakakataa. Wakala kiapo cha umoja, na hapa Olenguruone kiapo hicho hakikuwa cha wanaume viongozi peke yao kama ilivyozoeleka. Wanawake walikula, watoto walikula. Mwishoni mwa muongo huo wakafukuzwa, mazao na nyumba vikaharibiwa, wengi wakapelekwa Yatta kwenye ukame. Kiapo kikasambaa. Wanahistoria, akiwamo Tabitha Kanogo katika kitabu chake cha mwaka 1987, wanaihesabu Olenguruone kuwa moja ya chemchemi za Mau Mau, uasi dhidi ya ukoloni.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ilitaka maelezo ya kitaalamu. Ikamgeukia John Colin Carothers, aliyekuwa ameongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 hadi 1950. Carothers hakuwa mfuasi kamili wa Freud wala wa Jung. Mafunzo yake ya magonjwa ya akili yalikuwa mafupi. Lakini aliazima msamiati wa taaluma hizo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 ikatoka ripoti yake ya saikolojia ya Mau Mau, iliyopigwa chapa na serikali Nairobi. Humo kiapo kilikuwa dalili ya watu waliopotewa na mila kabla ya kuupata usasa, na kilifananishwa na uchawi wa Ulaya ya zamani. Shamba la Olenguruone, ng'ombe waliotaifishwa, nyumba zilizochomwa, hayo hayakupewa uzito wa sababu.

Nimelifikiria hili mara nyingi. Taaluma iliyozaliwa kwa sababu daktari mmoja alimwacha mgonjwa amalize kusema ilitumika hapa kuwanyamazisha wagonjwa wote kwa pamoja. Hilo lilikuwa kosa la kitaalamu na la kibinadamu pia.

Jibu lilitoka kwa daktari mweusi wa visiwa vya Karibi, Frantz Fanon, aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya Blida, Algeria, na aliyemsoma Jacques Lacan, Mfaransa aliyesema ung'amuzibwete umejengwa kama lugha. Katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1961, mwaka wa kifo chake, Fanon alimtaja Carothers kwa jina na kuonyesha kwamba sayansi hiyo ilikuwa mkono mwingine wa ukoloni. Ugonjwa, alisema, hauko katika ubongo wa mtawaliwa pekee. Umo katika kutawaliwa kwenyewe.

Leo nadharia hizi zinafundishwa kilomita chache kutoka kwetu, katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Katika fasihi ya Kiswahili, wanafunzi wa vyuo vyetu huzitumia kusoma riwaya kama *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, na kazi hizo hunifurahisha. Tangu mwaka 2014 kuna sheria inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia nchini. Hata hivyo Molo imebeba mengi: machafuko ya 1992, yale ya baada ya uchaguzi ya 2007 na 2008, ambayo Tume ya Waki iliyoyachunguza ilihesabu waliokufa kote nchini kuwa 1,133, na moto wa lori la mafuta Sachangwan, Januari 31, 2009, ulioua zaidi ya watu 100. Nimewasikia watu hapa wakihesabu umri wa watoto wao kwa machafuko: huyu alizaliwa kabla ya vita, yule tulimpata tukiwa kambini. Wanasema hivyo sokoni, wakipima viazi, na mazungumzo yanaendelea.

Ombi langu ni kwa wanafunzi wa Egerton wanaotafuta mada za utafiti. Pandeni matatu Molo, mwende hadi Olenguruone, na muwatafute pia waliopelekwa Yatta na vizazi vyao. Kaeni kama Ainsworth alivyokaa, kwa saa nyingi, kwa lugha yao, mkiwa tayari kuliacha swali mlilokuja nalo. Mtoto aliyekula kile kiapo mwaka 1944 akiwa na miaka 8 ana miaka kama 90 sasa. Waulizeni mwaka huu.