Mimea ya akwaria ya mwanga hafifu

Mimea ya akwaria ya mwanga hafifu ni mimea ya majini inayoweza kuishi katika tangi dogo la samaki wa maji matamu (maji yasiyo na chumvi) lenye taa ndogo au lililo mbali na dirisha. Mimea hiyo hukua polepole, huhitaji mbolea kidogo na haihitaji kuongezewa hewa ya ukaa. Ikitunzwa vizuri, hupunguza mwani, hufyonza uchafu wa samaki na kuwapa samaki wadogo mahali pa kujificha.

Mwanga chini ya maji

Mimea hutumia mwanga kutengeneza chakula kwa njia ya usanisinuru. Mwanga ukipita majini hupungua, hasa ule mwekundu, na hupungua zaidi maji yakiwa na tope. Mto Pangani, unaopita Korogwe mkoani Tanga, hubeba udongo mwingi wakati wa masika, na mimea iliyo chini ya maji hayo hupata mwanga kidogo ingawa jua ni kali. Kwa hiyo kuvumilia mwanga hafifu ni tabia ya kawaida ya mimea mingi ya mitoni na ya vijito vya misituni.

Wilaya za Handeni na Korogwe zipo takriban digrii 5 kusini mwa Ikweta, na mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Hata hivyo, mwanga unaofika katikati ya chumba ni sehemu ndogo tu ya mwanga wa nje. Kuliweka tangi juani hakutatui tatizo, kwa sababu tangi dogo hupata joto haraka na mwani huenea kabla ya mimea kukua.

Kiasi cha mwanga

Wafugaji wa samaki wa mapambo huhesabu mwanga hafifu kuwa lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita ya maji. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 lina ujazo wa lita 54, hivyo huhitaji lumeni 540 hadi 1,080. Taa moja ya LED ya wati 9, yenye lumeni 800 hivi, inatosha. Taa huwashwa saa 6 hadi 8 kwa siku. Mwani ukizidi, hatua ya kwanza ni kupunguza saa hizo pamoja na chakula cha samaki.

Mimea inayofaa

Anubiasi (Anubias barteri) ni mmea wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, wenye majani magumu ya kijani iliyokoza. Shina lake nene hutambaa, nalo hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti. Shina hilo likifukiwa mchangani huoza, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya mmea huu kufa.

Kangaga la Java (Leptochilus pteropus) lina asili ya Asia na hupandwa kwa namna hiyohiyo. Madoa ya kahawia yaliyopangika chini ya majani yake mara nyingi ni vifuko vya spora, wala si ugonjwa. Miche midogo huota juu ya majani ya zamani na inaweza kukatwa na kupandwa kwingine.

Kangaga la Kongo (Bolbitis heudelotii) huota juu ya mawe katika vijito vya Afrika ya kitropiki. Hupenda maji yanayotembea, hivyo huwekwa karibu na pampu.

Kriptokorini (Cryptocoryne wendtii) hutoka Sri Lanka na hupandwa mchangani. Baada ya kuhamishwa, majani yake yote yanaweza kuoza ndani ya siku chache. Mizizi ikiwa bado mizima, mmea usitupwe, kwani majani mapya huota baada ya wiki kadhaa.

Ceratophyllum demersum hauna mizizi. Huelea majini na kufyonza chakula kwa majani yake membamba. Hupatikana katika mabwawa ya sehemu nyingi za dunia, pamoja na Tanzania.

Mimea isiyofaa

Mmea wa kivulini nchi kavu si lazima uwe mmea wa kivulini majini. Mfano mzuri ni Saintpaulia, ua la milima ya Usambara ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alituma mbegu zake Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19. Linastawi kivulini, lakini likizamishwa huoza. Vilevile mti mdogo Dracaena sanderiana, unaouzwa kama "mwanzi wa bahati", unaweza kuwa na mizizi majini ila majani yake yabaki juu. Mimea yenye majani mekundu huhitaji mwanga mwingi na haifai kwa taa ndogo.

Samaki na mimea

Perege hawafai kuwekwa pamoja na mimea laini, kwa kuwa huila na kuchimbua mchanga. Miongoni mwao ni Oreochromis korogwe, aliyepewa jina la Korogwe na kuelezwa kisayansi mwaka 1955. Tena perege hukua kupita ukubwa wa tangi dogo. Samaki wadogo kama gapi hawaharibu mimea.

Kuchuma mimea mabwawani

Kuchuma mimea katika malambo na vijito hakugharimu fedha, lakini kuna hatari ya kichocho. Konokono wa maji matamu wa jenasi Bulinus na Biomphalaria hukaa kwenye mimea hiyo, na viluwiluwi vya kichocho vinavyotoka kwao hupenya ngozi ya mtu anayegusa maji. Anayechuma avae buti na glavu za mpira, na watoto wasitumwe kazi hiyo. Mimea hukaguliwa pande zote za majani, konokono na mayai yao yanayofanana na ute huondolewa, kisha mimea huwekwa katika ndoo ya maji safi kwa muda wa siku kadhaa na kukaguliwa tena. Viluwiluwi visivyopata mtu haviishi zaidi ya siku mbili, ila konokono aliyesalia huendelea kutoa vingine. Maji ya ndoo hiyo humwagwa kwenye udongo mkavu, mbali na mto.

Kutupa mimea

Mimea inayozidi tangini isitupwe mtoni, bwawani wala mtaroni. Gugumaji (Pontederia crassipes), lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kama ua la mapambo. Lilionekana katika mito Sigi na Pangani tangu miaka ya 1950, na katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika mazingira mazuri linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Hufunika maji, huzuia mwanga na kupunguza oksijeni ya samaki.

Mto Pangani unategemewa na wavuvi, wakulima wa umwagiliaji na kituo cha umeme cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964. Bomba la maji ya Handeni nalo huchukua maji ya mto huo upande wa Korogwe. Kwa hiyo mmea mgeni ukitupwa mtoni unaweza kuwafikia watu wengi. Njia salama ni kuanika mimea juani mpaka ikauke kabisa, kisha kuichanganya na mboji au kuichoma.