Majimbo, Vyama Viwili na Hatima ya Neno: Funzo la Kenya ya 1960–1964 kwa Mjadala wa Shirikisho la Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna mfumo wa vyama viwili ulivyofanya kazi, na namna ulivyovunjika, ndani ya katiba iliyogawa madaraka kati ya serikali kuu na majimbo nchini Kenya. Kipindi kinachohusika ni kifupi: kuanzia kuundwa kwa KANU na KADU mwaka 1960 hadi KADU ilipovunjwa Novemba 1964. Hata hivyo, katika Afrika Mashariki ni vigumu kupata mfano mwingine ambamo vyama viwili vikubwa vilishindana waziwazi juu ya shirikisho lenyewe, kimoja kikilitaka na kingine kikilikataa, huku vyote viwili vikishiriki uchaguzi chini ya katiba iliyoliweka.

Suala hili lina uzito kwa wakati wetu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unalitaja shirikisho la kisiasa kuwa lengo la mwisho la mtangamano, na mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi wanachama walikubali kwamba njia ya kufikia huko ipitie kwanza muungano wa mataifa yanayobaki na mamlaka yao. Katiba ya muungano huo itahitaji kufafanuliwa kwa wananchi kwa Kiswahili, na Kiswahili kinayo tayari maneno ya kazi hiyo. Tatizo ni kwamba baadhi ya maneno hayo yana historia, na mojawapo lina makovu. Neno hilo ni majimbo.

2.0 Neno jimbo katika nchi mbalimbali

Neno jimbo halina maana moja katika eneo letu. Katika Tanganyika ya kikoloni, majimbo yalikuwa migawanyo mikubwa ya kiutawala, kama Jimbo la Ziwa na Jimbo la Magharibi. Baada ya uhuru, migawanyo mipya iliitwa mikoa, na leo Mtanzania akisema jimbo, mara nyingi anakusudia eneo linalomchagua mbunge. Mashariki mwa Kongo, jimbo ni mgawanyo mkubwa wa nchi wenye gavana na bunge lake. Nchini Kenya, eneo la kumchagua mbunge huitwa eneobunge, na neno majimbo, likiwa katika wingi, lilitoka katika msamiati wa utawala likawa jina la itikadi.

Mabadiliko hayo ya maana yana tarehe. Yalitokea kati ya 1961 na 1963, katika mikutano ya hadhara na katika mazungumzo ya katiba. Kufikia uhuru, hata walioandika kwa Kiingereza waliliacha neno hili bila kulitafsiri. Mkenya aliyesema "mimi ni mtu wa majimbo" hakuwa akitaja mahali anapoishi. Alikuwa akitaja chama chake. Hapo ndipo tatizo la kwanza lilipojificha: muundo wa dola ulikuwa umepewa jina ambalo nusu ya uwanja wa siasa ililiona kuwa jina la mpinzani.

3.0 Chimbuko la vyama viwili

KANU iliundwa Mei 1960, ikiwa na James Gichuru kama rais, Oginga Odinga makamu wake na Tom Mboya katibu mkuu. Ronald Ngala na Daniel arap Moi walichaguliwa kushika nafasi za uweka hazina wakiwa hawapo, wakazikataa. Mwezi Juni 1960, huko Ngong, vyama kadhaa vya jamii ndogo vilikutana na kuunda KADU. Ngala akawa rais wake, Masinde Muliro makamu, na Moi mwenyekiti.

Mgawanyiko huu ulitokana na hofu mahususi. Viongozi wa KADU waliona kwamba KANU ilibebwa na Wakikuyu na Waluo, jamii mbili kubwa zilizokuwa na wasomi na wafanyakazi wengi wa mijini. Waliuliza: Wazungu wakiondoka katika Nyanda za Juu, nani atapewa ardhi ya Bonde la Ufa? Na Pwani, nani ataamua juu ya mashamba na bandari? Majimbo yalikuwa jibu la maswali hayo. Kila jimbo lingekuwa na bunge lake, na lingekuwa na sauti juu ya ardhi, polisi na utumishi.

KANU nayo ilikuwa na hoja zake. Ilisema kwamba nchi changa na maskini haiwezi kugharimia serikali nyingi, na kwamba fikra ya majimbo iliungwa mkono na walowezi waliotaka serikali ya Waafrika iwe dhaifu. Hoja zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana ushindani ulikuwa mkali.

Katika uchaguzi wa Februari 1961, KANU ilipata viti 19 na KADU 11. KANU ilikataa kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajaachiwa, na KADU ikakubali kuiunda, Ngala akiwa kiongozi wa shughuli za serikali. Kwa hiyo chama cha wachache ndicho kilichokuwa serikalini wakati wazo la majimbo lilipokomazwa. Katika mkutano wa pili wa Lancaster House, London, kuanzia Februari hadi Aprili 1962, KANU ililikubali wazo hilo shingo upande, kwa kuwa kulikataa kungechelewesha uhuru.

4.0 Katiba na hesabu zake

Katiba ya 1963 iligawa nchi katika majimbo saba: Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Kaskazini Mashariki, pamoja na Eneo la Nairobi. Bunge la taifa lilikuwa na nyumba mbili: Baraza la Wawakilishi na Seneti ya wajumbe 41.

Ulinzi wa majimbo uliwekwa katika hesabu. Ili kubadili vifungu vilivyolindwa kwa namna ya pekee, zilihitajika kura za robo tatu ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Kwa Seneti ya watu 41, maseneta watano tu wangetosha kuzuia mabadiliko hayo. Kwenye karatasi, ukuta huo ulikuwa mrefu kuliko kuta nyingi za katiba duniani.

Uchaguzi wa Mei 1963 uliipa KANU viti 83 vya Baraza la Wawakilishi na KADU 33, huku chama cha Paul Ngei, African People's Party, kikipata 8. KADU ilishinda katika mabunge ya majimbo ya Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi. Ngala akawa rais wa Jimbo la Pwani na Moi wa Bonde la Ufa. Tarehe 1 Juni 1963 Kenyatta akawa waziri mkuu.

Kwa nadharia, huu ndio mpangilio unaofanya vyama viwili vidumu katika shirikisho. Nchini Marekani, chama kinachoshindwa katika uchaguzi wa rais huendelea kutawala katika majimbo kadhaa, kikilea viongozi na kungojea zamu yake. Lakini faraja hiyo ina masharti matatu: jimbo liwe na mapato yake, kila chama kiwe na wafuasi wa kutosha nje ya ngome zake, na anayeshindwa aamini kwamba zamu yake itafika. Kenya ya 1963 ilikosa yote matatu.

5.0 Kuvuka sakafu ya Bunge

Sharti la kwanza lilikosekana mapema. Serikali kuu ilichelewesha kuyakabidhi majimbo watumishi na fedha, na bila fedha, bunge la jimbo lilikuwa ukumbi wa hotuba. Katika mkutano wa tatu wa London, Septemba na Oktoba 1963, KANU ilifanikiwa kupunguza mamlaka ya majimbo juu ya polisi na utumishi wa umma. Ilipata pia mlango wa pembeni katika ule ukuta wa hesabu: vifungu kadhaa vingeweza sasa kubadilishwa kwa kura ya maoni yenye theluthi mbili.

Sharti la pili lilikosekana kwa sababu chama na jimbo vilikuwa kitu kimoja. KADU haikuwa na mizizi Nyanza wala Kati, hivyo haikuweza kukua. Na sharti la tatu likafuata lenyewe: chama kisichoweza kukua hakina zamu ya kungojea. Mbunge wa KADU aliyetaka barabara, shule au ardhi kwa watu wake aliona kwamba vyote vinatoka Nairobi. Chama cha Ngei kilirudi KANU Septemba 1963, na mwaka 1964 wabunge wa KADU nao wakaanza kuhama.

Serikali ilitangaza kwamba kura ya maoni ingefanyika. Haikufanyika. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alitangaza Bungeni kuvunjwa kwa KADU, na wajumbe wake wakajiunga na upande wa serikali. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri. Mamlaka ya majimbo yaliyobaki yakafutwa kwa marekebisho yaliyofuata, na kufikia mwisho wa 1966 Seneti yenyewe ilikuwa imeunganishwa na Baraza la Wawakilishi.

Funzo kuu la kipindi hiki limo humo. Waliotunga katiba waliyalinda majimbo dhidi ya wingi wa kura, lakini hawakuyalinda dhidi ya kutoweka kwa chama kilichoyatetea. Asilimia 90 ya Seneti ni ulinzi pale tu ambapo asilimia 10 wanaendelea kupinga. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Majimbo yalikusudiwa kujenga mazizi zaidi, lakini ufunguo wa ghala la malisho ulibaki kwa mmoja.

6.0 Neno baada ya chama

KADU ilikufa, neno likabaki. Moi, mwenyekiti wa zamani wa chama cha majimbo, akawa rais mwaka 1978, na mwaka 1982 katiba ikaifanya KANU kuwa chama pekee. Vyama vingi vilipokuwa vikidaiwa mwaka 1991, baadhi ya wanasiasa wa chama tawala waliliibua tena neno majimbo katika mikutano ya Bonde la Ufa. Oktoba mwaka huohuo mapigano ya kikabila yakaanza huko. Tangu hapo, kwa familia nyingi zilizofukuzwa mashambani, majimbo hayakuwa tena mpango wa katiba. Yalimaanisha "rudi kwenu".

Ndiyo maana Katiba ya 27 Agosti 2010, iliyounda kaunti 47 na kurejesha Seneti, haikurudi kwenye neno lile. Ilizungumziwa kwa neno ugatuzi. Neno hili halikuwa limeimbwa na chama kimoja dhidi ya kingine, wala halikuwa limetumika kumhamisha mtu. Uteuzi wa istilahi hapa ulikuwa sehemu ya mapatano.

7.0 Mtazamo kutoka Rebero

Anayeyatafakari haya akiwa Rebero, jijini Kigali, hawezi kuyachukulia kama hesabu za viti peke yake. Katika kilima hiki wamezikwa wanasiasa wa vyama mbalimbali waliouawa mwaka 1994 kwa kuupinga mpango wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na tarehe 13 Aprili kila mwaka wanakumbukwa hapa. Rwanda iliruhusu vyama vingi mwaka 1991. Ndani ya miaka mitatu, baadhi ya vyama vilipasuka katikati, na mirengo iliyoshika itikadi ya ukabila ikawageukia hata wanachama wenzao.

Rwanda si shirikisho. Jibu lake kwa tatizo la mshindi kutwaa vyote lilikuwa tofauti. Katiba ya 2003 iliamuru kwamba Rais wa Jamhuri na Spika wa Baraza la Wabunge watoke katika vyama tofauti, na kwamba chama chenye wabunge wengi kisizidi nusu ya Baraza la Mawaziri. Kenya ya 1963 ilijaribu kumpa aliyeshindwa eneo. Rwanda ya 2003 ilichagua kumpa kiti. Kila njia ina gharama yake: eneo huweza kugeuka ngome ya kabila, na kiti huweza kumnyamazisha anayekikalia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba shirikisho haliwezi kuvidumisha vyama viwili ikiwa kila chama ni jina jingine la eneo lake, na ikiwa fedha zote zinapitia mkono mmoja. Kwa watakaotunga katiba ya Afrika Mashariki, hoja mbili zinajitokeza. Kwanza, mapato ya sehemu za shirikisho yahesabiwe kabla ya kura za kulinda mipaka yake. Pili, istilahi zichaguliwe kwa kusikiliza zinavyosikika Mombasa, Eldoret, Goma na Kigali, kwa kuwa neno moja laweza kuwa anwani kwa huyu na amri ya kuhama kwa yule. Kazi hiyo ya pili ni ya wataalamu wa Kiswahili, na inafaa ianze kabla mswada haujaandikwa.