Wagogo wa Bahi na Nyota Isiyohama

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Kati ya miaka hiyo ilipita Bahi, kando ya mbuga ya majimaji ambako Wagogo hulima mpunga, na nyaya za simu zikaandamana nayo. Hivyo habari za mbali zilianza kufika kwa kupita juu ya ardhi, kutoka nguzo hadi nguzo.

Baada ya Uhuru Serikali ilichagua redio. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa nayo hadi mwaka 1994, kwani ilihesabiwa kuwa anasa ya watu wachache wa mijini. Uchaguzi huo haukuwa wa kipuuzi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini kusikiliza redio, kisha wakachimba vyoo. Gharama yake nayo ilikuwapo: sauti ya Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ilisikika redioni, lakini ni wageni wa Ulaya na Japani waliomwona jukwaani kuliko wengi wa watani zake.

Njia ya anga ilikwisha kufikiriwa zamani. Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza kwamba chombo kikizunguka juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 35,786 kutoka ardhini, kitakwenda sawasawa na mzunguko wa dunia, na kwa macho yetu kitaonekana kimesimama. Mwaka 1964 Wamarekani walikifanikisha kwa satelaiti Syncom 3.

Desemba 2013 Azam TV ilianza kutangaza kupitia satelaiti za Eutelsat zilizosimama nyuzi 7 mashariki. Mtu wa Bahi aliyetaka kuipokea aliuelekeza ungo wake magharibi, kaskazini kidogo, na kuuinua nyuzi 56 hivi. Hakuhitaji mnara wala nguzo; palipokosekana umeme, paneli ya jua ilitosha. Asiye na ungo alilipa kiingilio katika kile ambacho vijana, kwa utani wao, hukiita kibanda umiza, akatazama ligi kuu. Baadaye zikaja tamthilia za Kituruki, na watumishi wa sultani wakazungumza Kiswahili mbele ya Wagogo.

Hapo ndipo penye jambo la kupimwa. Satelaiti haina fikra. Hupokea na kurudisha. Nuru yake huanguka sawa juu ya Bahi na juu ya Dar es Salaam, ila uteuzi wa kinachopanda haufanywi Bahi. Muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ili uonekane kwa jirani wa kijiji cha pili, sharti kwanza upelekwe studio za Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 500, ukubaliwe huko, ndipo upande angani na kurudi.