Riyadha ya Lamu na Watu Ambao Mji Haukuwahesabu

Mtu aulizaye maisha ya mwanadamu hupata utimilifu wake kwa jambo gani aghalabu huelekezwa kwenye vitabu vya wenye hekima, ilhali iko mitaa katika pwani yetu ambayo historia yake yatoa jawabu lililo wazi kuliko vitabu vingi. Na mmoja katika mitaa hiyo ni Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu, ambako katika robo ya mwisho ya karne ya 19 nyumba zilikuwa za viambaza vya udongo na mapaa ya makuti, na wakazi wake wengi walikuwa watu wasiotajwa kila mji ulipojitaja.

Ili kuyafahamu yaliyotokea hapo, yafaa kuujua mji wenyewe. Upande wa kaskazini, Mkomani, zilisimama nyumba za mawe zenye zidaka za chokaa iliyonakshiwa, na humo walikaa waungwana waliojua nasaba zao babu kwa babu, waliooana wao kwa wao, na ambao utajiri wao ulitoka katika mashamba ya barani, yaliyolimwa mtama na ufuta kwa mikono ya watumwa. Ustaarabu wa mji ule ulikuwa mkubwa kweli, nami sithubutu kuudunisha, kwani mashairi yake na ufundi wake ni fahari ya kila asemaye Kiswahili; walakini uzito wake ulibebwa na mgongo wa mtu aliyenunuliwa. Katika pwani ya zama hizo mtumwa hakuwa na ruhusa ya kuvaa kofia wala viatu, mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kama ajifunikavyo mwanamke muungwana, na elimu ya dini, ambayo ndiyo iliyompa mtu sauti na itibari mbele ya wenziwe, ilikaa mikononi mwa jamaa chache, ikarithiwa kama irithiwavyo nyumba.

Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya kuufuta utumwa katika pwani ya Kenya, na fidia wakalipwa mabwana. Mtumwa alipewa nafsi yake, basi. Hakupewa shamba, hakupewa ukoo, wala hakupewa mahali pa kuketi katika baraza ya waliokuwa mabwana zake. Uhuru ni neema kubwa, na hapana mwenye akili atakayeubeza. Lakini yamkini mtu akawa huru tangu alfajiri hata usiku, na asiwe na anayemngojea, wala kazi isiyotimia bila ya yeye, wala jina ambalo watu hulitaja kwa heri. Mambo haya sheria haina uwezo wa kuyatoa, na kwa bahati njema ya watu wa Langoni, yalikwisha kuanza kuwafikia kwa njia nyingine kabla sheria haijaandikwa.

Aliyeyaleta alikuwa mgeni. Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalullail, ambaye watu humwita Habib Swaleh, alitoka Ngazija katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut, akaja Lamu angali kijana, akasoma kwa wanazuoni wa mji ule. Kwa nasaba yake angaliweza kukaa kwenye nyumba za mawe, akabusiwa mkono, na umri wake ukapita katika raha na taadhima. Yeye alichagua Langoni. Alikaa miongoni mwa wachukuzi, wakulima na watumwa, akawauguza wagonjwa wao kwa dawa na kwa dua, na alipofungua darsa hakuweka sharti la ukoo kwa aliyetaka kusoma. Mimi naamini kwamba hapo ndipo palipo siri ya maisha yake yote: hakushuka kwao kama mtoa sadaka ambaye atarudi kwake jua likichwa, bali aliifanya haja yao kuwa kazi yake, na kazi ile ikampa yeye zaidi ya ile hadhi aliyozaliwa nayo.

Na wao aliwapa nini? Aliwapa elimu, na elimu peke yake ingalitosha. Lakini aliwapa na jambo jingine, ambalo ndilo lililoutikisa mji. Maulidi ya Mtume yalikuwa yakisomwa kwa kitabu cha Barazanji, kwa Kiarabu na kwa utulivu, na msomaji alikuwa mtu wa cheo chake, wengine wakisikiliza. Habib Swaleh aliingiza kisomo alichokitunga Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiwun, aliyefariki mwaka 1915, nacho kikasomwa pamoja na kasida, matari na nai, tena ndani ya msikiti. Watu wa Langoni walikuwa mafundi wa ngoma tangu zamani. Ngoma ilikuwa mali yao ambayo hapana bwana aliyeweza kuipeleka sokoni. Sasa ufundi ule uliodharauliwa uliitwa mahali patukufu kuliko pote mjini, kwa ajili ya kumsifu aliye bora wa viumbe. Katika maulidi hayo watu hupanga safu, wakayumba pamoja kulia na kushoto, na mmoja akipotea katika pigo au akichelewa kuitikia, safu nzima huona pengo lake. Fikiri, msomaji, hali ya mtu ambaye tangu kuzaliwa kwake hakuambiwa ila kwamba yeye ni mkono wa mwingine, naye sasa ajua kwamba asipofika usiku ule sifa za Mtume zitapungukiwa sauti moja, na sauti hiyo ni yake.

Walikuwako walioghadhibika. Wengine walisema kwamba matari msikitini ni bidaa, na hoja hiyo ni ya kifikihi, ingali ikijadiliwa na wanazuoni wa pwani hata leo, wala mahali hapa sipo pa kuihukumu. Wengine uchungu wao ulikuwa juu ya elimu kupewa wasio na nasaba, na hao nawasikitikia kuliko ninavyowalaumu, maana walikuwa wameiweka thamani ya nafsi zao katika umbali uliokuwa kati yao na mtumwa, na umbali huo ulipoanza kupungua waliona kwamba wao wenyewe wanapungua. Mashamba ya barani yalipokosa wa kuyalima, na mali ya mji ikafifia, wengi wao walibaki na majina makubwa katika nyumba zilizoanza kubomoka.

Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, kule Langoni, ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, na chuo chake kikavuta wanafunzi kutoka visiwani, mrima na bara, nao waliporejea kwao walifungua darsa zao wenyewe. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, na wanawe na wajukuu zake wakaishika kazi ya kusomesha. Kila mwaka katika Mfungo Sita wageni huja Lamu, wakazuru kaburi lake, kisha zefe likapita mjini kwa kasida na matari. Na waungwana wa Mkomani, ambao babu zao waliyakataa maulidi ya Langoni, hutoka nao, kwani maulidi yale yamekwisha kuwa ya mji mzima.