Harufu ya Siki Darini

Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha za mnato kule Ngamiani, Tanga. Chumba kimoja, pazia lenye mchoro wa bahari, na kijichumba cha giza nyuma ambacho sisi watoto tuliambiwa kina jini ili tusifungue mlango. Alipofunga kazi hakupiga kelele. Alishusha kibao, kiti na kioo akamwuzia kinyozi, makopo ya negativu akayapandisha darini. Mwaka jana ndiyo akanipigia simu: "We si ndiye unayejifanya mwanahistoria? Njoo uchukue mizigo yako kabla panya hawajaimaliza."

Nikaenda. Nilipofungua kopo la kwanza nilidhani ni achari. Harufu ya siki ilinipiga puani mpaka machozi yakanilengalenga.

Siki ile nimeifuatilia tangu siku hiyo, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mkanda wa picha ni utepe wa plastiki uliopakwa utando mwembamba wa jelatini, na ndani ya jelatini mna chembechembe za chumvi ya fedha, fedha hii hii ya bangili. Jelatini inachemshwa kutoka mifupa na ngozi za ng'ombe. Katika miaka ya 1920 mtaalamu mmoja wa Kodak, Samuel Sheppard, aligundua kwamba wepesi wa mkanda kushika mwanga ulitokana na vijitakataka vya salfa vilivyomo katika jelatini, ambavyo asili yake ni majani waliyokula ng'ombe, haradali na jamaa zake. Yaani picha ya harusi ya bibi yako inategemea ng'ombe alikula nini. Sasa ile plastiki: kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ilikuwa ya asetati, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu hujioza yenyewe, ikatoa asidi ya siki. Ubaya wake, asidi ikishaanza kutoka ndiyo inazidi kuchochea uozo. Ukifunga kopo usisikie harufu, umeipikia ndani. Wenzetu wenye uwezo huweka negativu kwenye vyumba vya baridi kali. Mjomba aliweka chini ya bati, Tanga.

Nilimlaumu moyoni, kisha nikaona simtendei haki. Mtu huyu maisha yake yote alitegemea vitu visivyotengenezwa hata nusu kwao. Tangu mwanzo biashara hii ilijengwa hivyo. George Eastman alipotoa kamera ya kwanza ya Kodak mwaka 1888, iliuzwa dola 25 ikiwa tayari ina mkanda wa picha 100 ndani. Ukimaliza kupiga, unairudisha kamera nzima kiwandani Rochester, Marekani, wanaisafisha mikanda wao, wanakujazia mwingine. Kamera ilikuwa chambo tu, ulaji ulikuwa kwenye mkanda, karatasi na dawa. Studio zetu za pwani ziliota juu ya mnyororo huo huo. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, kila gramu ya dawa ilifika kwa meli. Miaka hamsini baadaye mjomba alikuwa bado anasubiri meli ile ile.

Na kuna wakati meli haikuja. Wazee wanaikumbuka miaka baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni hakuna, sabuni kwa foleni. Mkanda wa picha nani ataukumbuka? Mjomba alinunua kwa mabaharia. Akipata kopo la mkanda mrefu wa mita 30 hujifungia gizani akaukata mwenyewe, akapata kama mikanda 18 ya picha 36, akaijaza kwenye vibweta vilivyokwisha kutumika. Mwingine ulikuwa ORWO, wa Wajerumani wa Mashariki, kutoka kiwanda cha Wolfen. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, alificha makopo mawili ya dawa ndani ya gunia la mkaa. "Duka zima halina thamani ya kitanda," anasema, "lakini nilikuwa nalala kama mwizi." Mambo yalilegea vitu vya nje viliporuhusiwa kuingia kuanzia 1984, na zaidi alipoingia Mzee Ruksa mwaka uliofuata.

Tena usidhani ukishapata mkanda umemaliza. Dawa ya kusafishia picha nyeusi na nyeupe imepimiwa watu wa baridi, nyuzi 20. Maji ya bomba la Tanga mwezi wa pili yanakaribia 30. Ukisafisha hivyo hivyo jelatini inavimba, inakunjamana, wakati mwingine inateleza ikatoka kama ngozi ya maziwa. Kwa hiyo kila alasiri mtoto mmoja alitumwa barafu kwa muuza samaki. Mtoto huyo baadaye nilikuwa mimi. Nilitembea mbio na kipande cha barafu kwenye gunia, nikijua kikiyeyuka kabla sijafika, bi harusi wa mtu ameharibika.

Halafu ikaja rangi, na mashine ndogo za Kijapani za kusafisha na kuchapa kwa saa moja. Dawa za rangi hazitaki barafu, zinataka joto la nyuzi 37.8 lisiloyumba, dakika tatu na sekunde kumi na tano, ndiyo maana mashine inamshinda binadamu. Hapo mjomba akawa mpigaji tu. Usafishaji ukahamia mjini kwa wenye mtaji. Hilo nalipita haraka kwa sababu na yeye akilieleza hulipita haraka.

Watu wengi wanasema simu ndiyo iliyoua mkanda. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Kamera ya kidijitali ya kwanza ilitengenezwa ndani ya Kodak yenyewe, mwaka 1975, na kijana injinia Steven Sasson. Ilikuwa na uzito unaokaribia kilo 4, ikichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kodak waliijua hatari miaka mingi kabla yetu, wakaendelea kuuza mkanda kwa kuwa mkanda ulikuwa unalipa. Lakini nusu nyingine ya habari ni sinema.

Mashine ya kupaka mkanda si cherehani kwamba leo ushone mbili, kesho mia. Inapaka utepe unaozidi mita moja kwa upana, urefu wa kilomita, tabaka juu ya tabaka, katika giza totoro. Haijui kufanya kazi kidogo. Aliyeishibisha ni sinema: filamu moja ya saa mbili ni zaidi ya kilomita tatu za mkanda, na kila jumba la sinema lilihitaji nakala yake. Sisi wapiga picha za pasipoti tulikuwa tunakula makombo ya meza hiyo. Majumba ya sinema yalipohamia dijitali, hasa baada ya 2009, meza ikainuliwa. Kodak waliomba kinga ya mufilisi Januari 2012. Fujifilm wakaacha mkanda wa sinema mwaka 2013. Kabla ya hapo AgfaPhoto walishaanguka 2005, mwaka ule ule Kodak walipotangaza kuacha karatasi za picha nyeusi na nyeupe, na Polaroid waliacha mkanda wao wa papo kwa papo mwaka 2008. Kodachrome, iliyoanza 1935, ilisimamishwa 2009. Maabara ya mwisho iliyojua kuisafisha, huko Parsons, Kansas, ilifunga milango kwa mikanda hiyo mwishoni mwa 2010. Ukiwa na Kodachrome leo hujapigiwa picha, una utepe tu.

Mjomba hakusoma lolote kati ya hayo. Yeye aliona wateja wa vitambulisho wanapungua, na siku alipokwenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa, afisa akampiga picha mwenyewe kwa kijikamera kilichofungwa kwenye kompyuta. "Hakuniambia hata niinue kidevu," aliniambia. Akarudi akashusha kibao.

Ajabu ni kwamba mkanda haukufa. Mwaka 2015 Kodak walipata mikataba na makampuni makubwa ya sinema ya Hollywood ili mashine isizimwe, na sisi wengine tunaendelea kupumua kwa mapafu hayo. Ektachrome ilirudi 2018. Kiwanda cha Polaroid kule Enschede, Uholanzi, kiliokolewa na watu wachache waliolazimika kuibuni upya dawa. Harman wa Uingereza, wanaotengeneza mikanda ya Ilford, walitoa mkanda wao wa rangi, Phoenix, mwaka 2023, na mwaka 2024 Pentax wakaleta kamera mpya kabisa ya mkanda. Vijana wa huko wananunua. Na hapa Dar wapo wachache, nawajua, mimi mmojawao.

Sasa niseme ukweli wangu, ndugu msomaji: nina wasiwasi na furaha hii. Mkanda mmoja nilioagiza kwa mtu aliyekuwa anasafiri ulinigharimu chakula cha wiki. Kamera ya mjomba, Yashica, shata yake imekwama, na fundi niliyempata anatengeneza kwa kung'oa vipuri kwenye maiti za kamera nyingine. Maiti zikiisha? Mkanda utakuwepo, naamini. Ila utakuwa kitu cha mwenye nacho, kama ulivyokuwa kabla mjomba hajaukata vipande gizani ukafika kwa muuza samaki. Ninapoona watu wanajadili mkanda upi una rangi tamu, mimi nawaza yale makopo.

Nimeyaleta Dar, makopo kumi na moja. Nimetoboa mifuniko yapumue, yaliyooza nimeyatenga. Jioni naweka negativu juu ya kioo chenye taa chini, naipiga kwa simu, nageuza rangi. Ndiyo, kwa simu, adui mwenyewe.

Mwezi uliopita mjomba alimtuma kwangu mzee mmoja wa makamo. Mama yake alipigwa picha mara moja tu maishani, studioni kwa mjomba, mwaka 1981, na nakala ya nyumbani ililiwa na mchwa. Tulitafuta jioni tatu. Tukamkuta kwenye kopo la nane. Utepe umejikunja, jelatini imefanya malengelenge upande wa kushoto, shavu moja na sikio havipo tena. Nikampa simu aangalie. Alitazama muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka likabaki jicho tu.

"Alikuwa na kidoti hapa," akasema, akigusa pale palipotoka. Kisha akauliza kuitoa kwenye karatasi ni shilingi ngapi.