Diski kubwa, kompyuta kuukuu: hadithi ya namba zilizoisha

Leo nina hadithi ya namba, lakini inaanzia Garissa.

Mwaka 2013 nilikuwa kidato cha tatu. Maabara yetu ilikuwa na kompyuta za Pentium III za msaada, zilizokwisha kutumika kwingine. Intaneti hatukuwa nayo. Mwalimu wetu akapanda basi hadi Nairobi, kilomita kama 370, akarudi na diski ya gigabaiti 160 iliyojaa mitihani ya KCSE ya miaka iliyopita na Wikipedia ya kusoma bila mtandao. Pesa zilikuwa za wazazi. Tukaichomeka, tukawasha. Mashine ikaganda. Tukaichomoa, mashine ikawaka kama kawaida. Mwalimu akanyamaza kimya. Sote tulijua ameuziwa diski mbovu.

Kumbe diski ilikuwa nzima. Kilichoisha ni namba.

Ukiwasha kompyuta ya aina ile, programu iitwayo BIOS ndiyo huamka kwanza na kuuliza diski ina ukubwa gani. Waliobuni PC za miaka ya 1980 waliitengea nafasi chache za kuandikia jibu. Ni kama vibao vya nyumba vyenye nafasi ya tarakimu mbili: nyumba ya 100 ipo, ina watu, lakini haina anwani.

Basi ukuta wa kwanza ulikuwa megabaiti 528, kwa sababu silinda zilihesabiwa hadi 1024 tu. Ukavunjwa, ukaja wa gigabaiti 8.4. Baadaye ukaja wa gigabaiti 33.8, ambapo baadhi ya BIOS za Award za miaka ya 1990 ziliganda kabisa zikiona diski kubwa kuliko hapo. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wetu. Nyuma yake kulikuwa na mwingine: anwani za biti 28, yaani sekta 268,435,456 za baiti 512, ambazo ni gigabaiti 137. Huu ulikuwa hatari zaidi, kwa sababu mfumo usioujua ungeweza kuuvuka na kurudi kuandika mwanzoni mwa diski, juu ya kazi zako. Kiwango cha ATA-6 cha mwaka 2002 kiliuondoa kwa kutumia biti 48.

Linux inaingia wapi? Kerneli yake ikishaamka haiiulizi BIOS ukubwa wa diski. Inaiuliza diski yenyewe. Tatizo lilibaki kwenye kuamka tu, maana LILO, programu iliyopakia kerneli, iliisoma kupitia BIOS. Ndiyo sababu wakongwe walitenga sehemu ndogo ya /boot mwanzoni mwa diski, ndani ya silinda 1024 za kwanza. Andries Brouwer aliyaeleza haya yote katika mwongozo wake, Large Disk HOWTO. Kuhusu biti 48, kerneli 2.4.19 ya Agosti 2002 ilizijua.

Turudi maabara. Kaka mmoja fundi alikuja, akaingia kwenye BIOS, akaiambia kwamba mahali pa diski mpya hapana kitu. Diski ya zamani ya gigabaiti 6 ikawasha Debian. Kerneli ikaamka, ikaiona diski ambayo BIOS imeambiwa haipo: sekta 312,581,808. Zote. Mwalimu alisoma namba ile mara mbili, kisha akasema, "Basi leteni viti."

Kwetu kaskazini mashariki haya hayakuwa mambo ya wapenda mashine tu. Computers for Schools Kenya ilianza mwaka 2002 kupeleka kompyuta zilizotumika mashuleni, na nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Lakini waya kufika pwani si waya kufika darasani ng'ambo ya mto Tana. Maktaba yetu ilikuja kwa basi, ndani ya diski. Hata umeme wa mji wakati ule ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na ulipokatika ghafla tulishukuru ext3, iliyoingia kwenye kerneli mwaka 2001. Huweka daftari la mabadiliko, hivyo mashine ikiwaka tena haihitaji kukagua diski nzima.

Kuta hazijaisha. Jedwali la zamani la MBR hukomea terabaiti 2.2, kwa hiyo ukinunua diski ya terabaiti 4 tumia GPT. Ukiiweka diski ya terabaiti 3 kwenye kasha la USB la kizamani na ukaonyeshwa 746 tu, usimgombeze muuzaji. Hesabu imezunguka ikaanza upya.

Safari hii mlango unafungwa upande wetu wenyewe. Debian 13, ya Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Pentium III yetu ingeishia Debian 12. Sababu naielewa, maana wa kuitunza kazi hiyo ni wachache. Ila kabla hujaitupa mashine au kumlaumu aliyenunua diski, uliza kwanza ni namba gani imeisha. Mara nyingi kifaa ni kizima.