Aibu ya Mke Mwenza

Lugha yetu haikumtukana mke wa pili. Ilimwita mke mwenza, yaani mwenzake yule aliyetangulia, na ndoa ya namna hiyo ikaitwa ya mitara. Kwa mwanamke anayewekwa kwa siri ilikuwa na majina mengine: hawara, kimada, na baadaye nyumba ndogo. Waliotuachia maneno hayo walijua tofauti kati ya ndoa inayotambuliwa na wakwe na majirani, na uhusiano unaofichwa. Ukoloni ulipoingia, tofauti hiyo ilivurugwa na watu wawili: hakimu na mmisionari.

Nianze na hakimu. Mwaka 1917, katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya, Mwafrika aitwaye Amkeyo alishtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi. Shahidi mkubwa dhidi yake alikuwa mwanamke ambaye yeye alisema ni mkewe kwa ndoa ya mila. Sheria ililinda siri za mume na mke, lakini Jaji Mkuu Hamilton alikataa kumpa mwanamke yule nafasi ya mke. Kwa maoni yake, neno ndoa halikufaa kwa mapatano ya namna ile. Kununua mke, alisema, kulikaribia ukweli zaidi. Sababu moja ilikuwa kwamba mila iliruhusu wake wengi. Basi hata mwanamke aliyekuwa peke yake nyumbani, aliyetolewa na wazazi wake mchana kweupe, mbele ya sheria hiyo hakuwa mke wa mtu.

Kanisa la Kianglikana lilikuwa limekwisha kusema lake. Mwaka 1888 maaskofu waliokutana Lambeth, London, waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Afundishwe dini, angoje hadi hali yake ibadilike. Wake zake waliweza kubatizwa mahali pengine, kwa uamuzi wa wakuu wa pale. Mara nyingi kungoja huko kulikuwa na maana moja: achague mmoja, wengine warudi kwao. Askofu Colenso wa Natal aliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1855 aliandika kwamba kumlazimisha mtu kuwafukuza wake aliowaoa kihalali kwa mila yake ni dhuluma. Wenzake wengi walimpinga.

Hebu tumfikirie huyo anayerudishwa. Mahari yake imekwisha kuliwa, watoto ni wa ukoo wa baba, na kosa halijui. Mume anapata ubatizo, naye anapata aibu.

Aibu hiyo haikuisha na bendera ya Mwingereza. Katika miaka niliyoongoza chuo cha ualimu, niliona vijana waliomwita mke mwenza wa mama yao "mama mdogo" kwa mapenzi, lakini kwenye fomu za chuo wakamwandika shangazi. Waliogopa kuchekwa. Wakati huohuo, mzee mwenye kimada mjini, ambaye kila mtu alimjua, alikaa kiti cha mbele kanisani bila kuulizwa neno.

Sisemi kwamba ukewenza ni raha. Wake wengi wa kwanza waliletewa mwenza bila kuulizwa, na machungu yao ni ya kweli. Ndiyo maana naiheshimu Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Inatambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi, na inasema kwamba wake wote wana haki sawa na hadhi sawa. Ndoa ya mke mmoja haigeuzwi kuwa ya mitara mpaka mume na mke wote wawili watamke mbele ya hakimu kwamba wameridhia kwa hiari yao, na tamko hilo liandikwe na kutiwa sahihi. Waliofunga ndoa kanisani hawawezi kuigeuza maadamu wote wawili wangali Wakristo.

Kanisa nalo lilirudi nyuma. Mwaka 1988, tena Lambeth, na kwa juhudi za Askofu David Gitari wa Kenya, maaskofu walikubali kwamba mwenye wake wengi abatizwe pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, mradi jumuiya ya mahali iridhie, na aahidi kutooa tena maadamu wake alionao wangali hai. Wala asilazimishwe kumwacha yeyote, kwa ajili ya dhiki itakayompata mwanamke huyo. Ilikuwa imepita miaka 100.

Lakini mwaka 2014 Bunge la Kenya liliondoa katika muswada wa ndoa kifungu kilichompa mke nafasi ya kukataa mwenza, na wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Walikuwa na haki ya kukasirika. Bila ridhaa, mitara ni ubabe tu. Palipo na ridhaa, kila mmoja akijua na kukubali, sioni kwa nini mama mdogo aandikwe shangazi. Kama ni lazima pawe na aibu, basi na impate yule anayeficha.